Darajani Pasipo Daraja

Anayepita Darajani leo haoni daraja wala maji. Jina ndilo lililosalia. Zamani Mji Mkongwe wa Unguja ulikaribia kuwa kisiwa: magharibi bahari kuu, mashariki mkono wa bahari ulioutenga na Ng'ambo. Wakati wa bamvua maji yaliujaa mkono huo, kisha yakapwa yakaacha tope.

Wapangaji wa enzi ya ukoloni, miongoni mwao H. V. Lanchester aliyechapisha mpango wake wa mji mwaka 1923, waliurithi mkono huo pamoja na uvundo wake. Hatua kwa hatua ukafukiwa. Siwalaumu sana, kwani tope lenye taka halina ushairi. Ila waliihesabu ardhi waliyoipata, wasiyahesabu maji waliyoyafukuza.

Upande wa pili mji ulijikinga kwa mawe. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa kwa jubilii ya Sultan Khalifa bin Haroub ya mwaka 1936, hukaa nyuma ya ukuta wa bahari, nao ulikarabatiwa pamoja na bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009. Kazi ya ukuta huo si nyepesi: katika bamvua, baina ya kujaa na kupwa, maji hupishana kwa takriban mita 4, na wimbi linalorudi huchimba mchanga chini ya msingi.

Tena ukuta uzuiao bahari isiingie huizuia na mvua isitoke. Mfereji wahitaji mlango wa kufungwa maji yajaapo. Masika ikikutana na bamvua, mlango umefungwa, mvua yamiminika. Zamani maji hayo yangengojea Darajani.