Mkahawa na Mlango Uliofungwa

Neno mkahawa limetokana na kahawa, na huko pwani lilitumika kwa nyumba inywewamo kahawa. Kwa Bukoba neno hili lina kichekesho chake, kwani Wahaya walitafuna kahawa zamani kabla ya kujua kuinywa. Buni zilichumwa mbichi, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikaanikwa. Na mgeni, mara alipoketi, alipewa chache kiganjani. Huitwa akamwani, na desturi hii haijafa. Watu wawili waliotaka kuchanjiana undugu walitumia punje mbili za buni moja, kila mmoja akaimeza ile iliyopakwa damu ya mwenzake. Kitu cha namna hiyo hakiwekewi mgeni bei.

Chakula chenyewe kilikuwa na adabu kali zaidi. Ndizi zilizopikwa kwa maharage zilipakuliwa juu ya jani la mgomba, nyasi zimetandikwa sakafuni, na mlango ukafungwa. Kula mbele ya macho ya wapita njia hakukuwa heshima.

Basi yafaa tujiulize hoteli ya chakula iliingiaje katika nchi ya watu kama hao. Mji wa Bukoba ulianza kwa boma la Wajerumani mwaka 1890. Biashara ya kahawa iliponawiri katika miaka ya 1920, wakulima walishuka mjini na mizigo yao, na baada ya kuuza walijikuta na fedha mfukoni, na njaa, na mlango wa nyumbani uko mbali. Hoteli za miji yetu ziliwapa watu kama hao chai, chapati, wali na mchuzi, vyakula vya pwani na vya Wahindi. Nadhani ugeni wa vyakula hivyo ulisaidia: mtu aliyeona haya kula ndizi zake hadharani hakuona vibaya kula chapati, maana chapati haikuwa na mlango wa kufungwa.

Afunguaye hoteli leo katika kata ya Kibeta, palepale Bukoba, amerithi mambo hayo yote, ajue asijue. Atataka kutofautiana na jirani zake, naye aghalabu huanza kwa rangi ya ukuta na redio yenye kelele. Au hupunguza bei. Na kesho yake jirani naye hupunguza, wakabaki wote wawili walivyokuwa, ila maskini zaidi.

London ya karne ya 17 ilijaa mikahawa, na kahawa yake haikutofautiana sana. Edward Lloyd, ambaye mkahawa wake ulijulikana tangu miaka ya 1680, aliona kwamba waingiao kwake ni manahodha, wenye merikebu na wafanya biashara, akajitahidi kuwapatia habari za vyombo vya baharini. Mwaka 1691 alihamia mtaa wa Lombard, na wenye kukata bima wakamfuata. Soko kubwa la bima lichukualo jina lake hata leo lilizaliwa katika nyumba hiyo. Lloyd hakuuliza wateja wanywe nini. Aliuliza wamekuja kutafuta nini.

Mwenye hoteli wa Kibeta akiuliza hivyo, sidhani atajibiwa kwamba watu wanatafuta sahani mpya. Ndizi na maharage wanavyo nyumbani, tena vizuri zaidi. Wanachokosa mjini ni kule kupokewa. Pazia zito mlangoni, viti visivyoelekea barabara, nyasi mbichi chini, na akamwani mkononi kabla mgeni hajaulizwa atakula nini: gharama yake ni ndogo kuliko ya redio.

Lakini hapo pana shida, nami siioni ndogo. Wako wazee watakaosema kwamba huku ni kuuza ukarimu, na kwamba mgeni anayelipa si mgeni. Hawakukosea kabisa. Jibu langu ni kwamba alipie ndizi, alipie na samaki, ila ile kahawa isiingizwe katika hesabu. Siku itakapoandikwa bei yake ukutani, mteja ataitafuna kama atafunavyo karanga, na jirani wa ng'ambo ya barabara ataiuza kwa bei nafuu.