Vitufe Vilipangwa Tukiwa Hatupo

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliitwa Jambo OpenOffice. Ilitokana na mradi wa Kilinux, uliowakutanisha wataalamu wa kompyuta wa chuo hicho, wanaisimu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na kampuni ya IT+46 ya Sweden.

Habari za Jambo zikisimuliwa, kinachotajwa kwanza ni istilahi: nani alibuni neno gani, na je, linakubalika. Kuna swali jingine ambalo mimi naliona zito zaidi. Neno likishapatikana, litakaa wapi kwenye dirisha?

OpenOffice ilianzia Ujerumani kwa jina la StarOffice. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaufungua msimbo wake kwa umma. Katika madirisha yake madogo, yale ya kuchapa au kuchagua fonti, kila kitufe kilikuwa kimeandikiwa kwa namba mahali pake, upana wake na kimo chake. Neno "Print" lina herufi tano. "Chapisha" lina nane. Kitufe hakitanuki chenyewe. Neno likizidi, linakatwa ukingoni, au mfasiri anaingia kwenye namba kuzirekebisha, na akitanua kitufe kimoja anakisogelea cha jirani. Waliozipanga namba hizo hawakuwa na Kiswahili mbele yao.

Tuwe wakweli, hata sisi hatukuwepo. Mwaka 1973 watafiti wa Xerox kule California waliwasha Alto, mojawapo ya kompyuta za kwanza zenye madirisha na kipanya. Mwaka 1974 serikali yetu ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Macintosh ilipotoka 1984 na Windows ya kwanza 1985, mambo mengi yaliendelea kuamuliwa huko huko, likiwemo la mahali pa OK: Macintosh wakaiweka kulia kabisa, Windows wakaiweka kushoto kwa kitufe cha kughairi. Tulirithi ugomvi usiotuhusu.

Nenda leo kwenye steshenari yoyote ya Tandika au Mwananyamala uone urithi huo ulivyokolea. "Dada, nitolee kopi tatu." "Lete flashi, mama." Dirisha la kuchapa linafunguka, mshale unashuka chini, kitufe kinabonyezwa, karatasi inatoka. Hakuna neno lililosomwa. Mkono unajua njia. Ukimbadilishia lugha dada huyu atacheka na kuendelea na kazi. Mbadilishie mahali pa kitufe, foleni nzima itasimama.

Dawa ya vitufe visivyotanuka ilikuwepo mapema. Mwaka 1991 Visual Basic, lugha ya kuandikia programu, iliwafundisha watu wengi kukokota kitufe kwa kipanya na kukigandisha hapo kilipo, na kwa kweli ni njia tamu kwa anayeanza. Lakini Tk, zana iliyobuniwa na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilikuwa tayari na utaratibu mwingine, na lugha ya Java iliyotoka 1996 ikaueneza: hutaji namba, unataja uhusiano. Hiki kikae chini ya kile, hiki kijaze nafasi iliyobaki. Dirisha lenyewe linapima maneno na kuvipanga vitufe, kama konda wa daladala la Mbagala anavyowasogeza abiria kila kituo.

OpenOffice ilichelewa kuifuata njia hiyo. LibreOffice, iliyojitenga nayo mwaka 2010, ilianza kuyahamishia madirisha yake kwenye mpango unaojipima katika toleo la 4.0, Februari 2013. Jambo ilikuwa imeshatimiza miaka minane.

Vijana wanaoandika programu za maduka, zahanati na ada za shule hapa Dar bado wengine wanagandisha vitufe kwa namba, halafu Kiswahili kinaletwa mwishoni kibanwe kwenye matundu ya Kiingereza. Ndugu zangu, andikeni maneno ya Kiswahili kwenye vitufe siku ya kwanza, yale marefu kabisa, ndipo mpange dirisha.