Mkaa wa Dhiil, Mkaa wa Gunia

Nafundisha kemia Garissa, na nikifika kwenye elementi zisizo metali naanza na kaboni. Nyingi katika kundi hilo ni gesi kwenye joto la kawaida: oksijeni, naitrojeni, haidrojeni, klorini. Bromini peke yake ni kimiminika. Kaboni ni yabisi, na jua letu linalopita nyuzi 35 mchana haliifanyi kitu: haiyeyuki, haiozi, hainuki. Maziwa ya ngamia katika joto hilohilo huchacha upesi, na hapo ndipo mkaa, ambao kwa sehemu kubwa ni kaboni, ulipoingia katika maisha ya wafugaji.

Ayeeyo yangu, yaani bibi kwa Kisomali, alikuwa na dhiil, chombo cha maziwa cha mti. Akishakiosha na kukianika, alichukua kijiti cha mti mgumu kilichoungua hadi kuwa kaa jekundu, akakitumbukiza ndani, akafunika na kutikisa chombo. Moshi ulikosa pa kutokea. Kisha alikung'uta vipande vya mkaa na kufuta masizi, ndipo ngamia akakamuliwa. Moshi ule una fenoli, zinazoua bakteria. Si kila mti ulifaa. Mingine huacha uchungu, na mabinti walifundishwa kuipambanua kwa kunusa. Kazi hii ilikuwa ya wanawake, na kwangu ni sayansi kamili iliyotangulia shule zetu zote.

Mkaa wa gunia ni habari nyingine. Ukame na vita viliwanyang'anya watu mifugo, wakahamia mjini. Kuanzia 1991 kambi za wakimbizi za Dadaab nazo zikajaa watu wanaohitaji kupika. Kuni ni nzito na zina moshi. Mkaa ni mwepesi, haushambuliwi na mchwa, unakaa ghalani miaka. Ni tabia zilezile za yabisi hii, sasa zikifanya kazi ya mfanyabiashara. Ila unavunjika kirahisi, ndiyo maana chini ya gunia hubaki chenga. Lakini kilo 100 za kuni kavu, zikifukiwa kwenye tanuri la udongo na kunyimwa hewa, hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Zilizobaki hupotea kama mvuke na gesi. Kijiti kimoja cha ayeeyo hakikumaliza mgunga, lori linaumaliza.

Serikali ziliona. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa wa Somalia kuuzwa nje, kwa kuwa fedha zake ziliwafikia wapiganaji wa Al-Shabaab. Februari 2018 Kenya ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Mimi ningependa tuchome mathenge, mti ulioletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ambao sasa umeziba malisho ukingoni mwa Mto Tana na kuzunguka Dadaab. Mkaa wake ni mzito na unawaka muda mrefu.

Dhiil nazo zimepungua. Maziwa husafiri katika mitungi ya plastiki, na plastiki haistahimili kaa la moto. Mara nyingi hufika sokoni yameshachacha, na hasara humwangukia mama aliyeyakamua alfajiri. Makopo ya alumini yanastahimili joto na yanafukizika vizuri, ila bei yake bado inawashinda wengi wao.