Mstari wa Kwanza Ni wa Nani?

Anayetafuta hoteli, fundi wa friji au daktari wa meno kwenye simu hubonyeza vichujio viwili vitatu: bei, umbali, nyota za wateja. Majina mia yanabaki kumi, naye huamini kwamba ndiye aliyechagua. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Kabla hajagusa kitu, kuna mtu aliyekwisha kuamua watu wachujwe kwa kigezo gani, kigezo gani kisiwepo kabisa, na nani akae juu. Historia ya orodha za watoa huduma, tangu London ya karne ya 17 hadi kompyuta za tiketi za ndege, inaonyesha kwamba uamuzi huo una nguvu kuliko majina yenyewe. Inaonyesha pia kwamba uungwana wa mpangaji peke yake haukutosha kuufanya uwe wa haki. Ulikuwa wa haki pale riziki ya mpangaji ilipomtegemea msomaji, au pale sheria ilipombana.

Mwaka 1677 Samuel Lee alitoa London kijitabu cha majina ya wafanyabiashara wa jiji hilo na mahali pa kuwapata. Majina yalifuata alfabeti, lakini masonara waliokuwa wakipokea na kutunza fedha za watu, ndio mabenki ya wakati ule, aliwatenga katika orodha yao. Mwenye fedha za kuweka hakuhitaji kusoma kitabu kizima, na hicho tayari ni kichujio. Februari 1878, kampuni ya simu ya New Haven, Connecticut, ilichapa karatasi moja ya wateja wake 50. Haikuwa na namba hata moja, kwa kuwa mpigaji alimtajia opereta jina tu, lakini mafungu yalikuwamo: makazi, madaktari, maduka, wauza nyama na samaki. Kisha zikaja kurasa za njano, ambazo Reuben Donnelley alizianzisha Chicago mwaka 1886, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Msomaji aligawiwa kitabu bure, gharama ikabebwa na waliotangaza ndani yake, na mwenye fedha nyingi akapata nafasi kubwa. Hata alfabeti ilichezewa: mafundi bomba na wavuta magari walijipa majina yanayoanza kwa A tatu ili wasomwe kwanza.

Lakini orodha inaweza pia kupangwa na wale wanaoihitaji. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, mpeleka barua aliyeishi Harlem, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kwa wasafiri weusi wa Marekani, enzi ambazo mtu angeweza kuendesha gari siku nzima na kukataliwa kila alipoomba chumba au chakula. Mafungu yake yalikuwa ya kawaida: hoteli, nyumba za watu waliopokea wageni, vinyozi, gereji, vituo vya mafuta. Kigezo cha kuingia ndicho hakikuwa cha kawaida, nacho kilikuwa kama mgeni mweusi atapokelewa kwa heshima. Miongozo iliyoandikwa kwa wasafiri weupe haikuuliza swali hilo, kwa sababu wasomaji wake hawakuwa na haja nalo. Green naye aliuza matangazo, hilo halifichiki, lakini kitabu kilinunuliwa na wasafiri hao hao, na jina moja la uongo lingeweza kumtia mnunuzi hatarini. Kiliendelea kutoka hadi toleo la 1966–67, baada ya sheria ya haki za kiraia ya 1964 kupiga marufuku ubaguzi katika hoteli na migahawa. Katika vitabu vyote vya aina hii ninavyovijua, hiki ndicho ninachokiheshimu zaidi.

Ushahidi ulio wazi kupita wote unatoka kwenye ndege. American Airlines, kwa kushirikiana na IBM, ilijenga mtambo wa kuwekea nafasi uitwao SABRE, na kuanzia 1976 ikaupeleka katika ofisi za mawakala wa usafiri. Wakala aliandika mji wa kuondokea, mji wa kufikia na tarehe. Skrini ikamletea mistari michache ya safari, nyingine zikabaki kwenye skrini za nyuma. Mwaka 1982 shirika lenyewe lilichunguza mawakala wanachagua nini. Zaidi ya nusu ya mara walichukua safari ya mstari wa kwanza, na mara 92 katika 100 hawakuvuka skrini ya kwanza. Shirika la New York Air lilipoanzisha safari za kutoka uwanja wa LaGuardia, New York, kwenda Detroit, kushindana na American, safari hizo zilijikuta chini kabisa ya skrini. Wateja wakapungua, na safari nane kwa siku zikaishia kufutwa zote. Hakuna aliyekuwa ameziondoa kwenye orodha. Zilikuwamo, na saa zake. Robert Crandall, rais wa American, aliliambia Bunge la Marekani waziwazi kwamba upendeleo huo ndio faida ya kumiliki mtambo. Mwaka 1984 bodi ya serikali ya usafiri wa anga ikaamuru jina la shirika lisitumike kupanga safari, na anayeuliza vigezo vya mpangilio aambiwe.

Wapo watakaosema kwamba wakala angeweza kufungua skrini ya pili. Angeweza, naye alikuwa mtaalamu aliyelipwa kwa kazi hiyo, na bado hakufungua. Sioni kwa nini tumtarajie mama anayetafuta fundi usiku, maji yakimwagika jikoni, awe na subira kumzidi. Hoja nzito zaidi ni kwamba hakuna mpangilio usiopendelea mtu. Ni kweli: baada ya 1984 mashirika yaligundua kwamba safari moja ikipewa namba za mashirika mawili itajaza mistari miwili. Lakini hila ya kigezo kinachojulikana inaweza kuonwa na kupingwa. New York Air haikuwa na hata kigezo cha kupinga.

Kanuni hizo za Marekani ziliachwa ziishe mwaka 2004. Ulaya imechukua njia nyingine: mwaka 2017 iliitoza Google faini ya yuro bilioni 2.42 kwa kuipandisha juu huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei, na mahakama yake ya juu ikaithibitisha 2024. Tangu Julai 2020 kanuni ya Ulaya inazitaka tovuti zinazounganisha wauzaji na wateja zieleze vigezo vikuu vya mpangilio, na kama malipo yanampandisha mtu. Kanuni hiyo inawalinda wafanyabiashara walioko Ulaya. Mwenye nyumba ya wageni Paje au Lamu anashindania wageni kwenye tovuti zilezile, na haimhusu. Nchi zetu zinatoza kodi huduma za kidijitali za makampuni ya nje, kwa hiyo zinajua pa kuyapata. Ziyadai pia haki kama ile iliyotolewa Marekani mwaka 1984: anayeuliza kwa nini yuko chini aelezwe vigezo.