Uwekezaji wa Ardhi na Nyumba katika Karagwe na Kyerwa: Nyenzo za Anayeanza

Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ni nchi ya migomba na kahawa ambamo mtu mwenye akiba, akiipata kwa mauzo ya kahawa, kwa mshahara au kwa biashara ya ng'ombe, aghalabu huielekeza kwenye shamba au nyumba ya kupangisha kabla ya kufikiri jambo jingine lolote. Vitabu vya namna ya kutajirika kwa majumba, vinavyouzwa mijini, vimetungwa kwa nchi zenye kanuni nyingine za ardhi, na humfaa kidogo sana mtu wa Nkwenda au Kayanga; nyenzo za haki ni sheria za nchi, ofisi ya kijiji, na kumbukumbu za majirani.

Sheria mbili zapasa kusomwa kabla ya senti moja kutolewa: Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Msingi wake ni kwamba ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kwa amana ya wananchi, hata anachokinunua mtu ni haki ya kuitumia, ama kwa hati ya muda maalumu usiozidi miaka 99, ama kwa hatimiliki ya kimila ambayo raia aweza kuwa nayo bila ukomo. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu wa sheria, jambo linalostahili kukumbukwa hususan upande wa Murongo, ambako mto Kagera ndio mpaka na Uganda, na jamaa wa pande mbili wameoana tangu zamani.

Eneo kubwa la wilaya hizi ni ardhi ya kijiji, na hapo ndipo penye hatari na faida kwa pamoja. Wenyeji hutofautisha kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba, na rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja. Kibanja huwa na mwenyewe anayejulikana kwa vizazi, ilhali rweya mara nyingi ni ya matumizi ya wote, wala mtu mmoja hana mamlaka ya kuiuza kwa kuwa tu aliwahi kulima njugu humo. Halmashauri ya kijiji nayo haina ruhusa ya kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo anayeoneshwa ekari nyingi za rweya kwa bei nafuu na aombe muhtasari wa mkutano huo, wenye mahudhurio na sahihi, na akinyimwa ajue kwamba amekwisha kujibiwa.

Kwa kibanja, uchunguzi ni wa namna nyingine. Zamani, chini ya wafalme wa Kihinda waliokaa Bweranyange, ambao mmoja wao, Rumanyika, alimkaribisha mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, ardhi ilifuata ukoo na hisani ya mtawala. Na katika nchi hii ya magharibi ya Ziwa Victoria ulikuwapo mfumo wa nyarubanja, ambao wakulima waliumia chini yake kama wapangaji wa wakubwa, hata Serikali ikaukomesha kwa sheria ya mwaka 1965. Lakini haki ya ukoo haikukoma pamoja nao. Kitabu cha Cory na Hartnoll cha mwaka 1945 juu ya sheria za mila za Wahaya, ijapokuwa hakikutungwa kwa ajili ya Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, chaeleza vizuri jinsi ndugu walivyoweza kuukomboa urithi uliouzwa kwa mgeni, na mnunuzi wa leo atakutana na madai ya namna hiyo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya katika shauri la Bernardo Ephraim na Holaria Pastory, iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Hukumu hiyo inafaa kusomwa na kila muuzaji na kila mnunuzi, maadam ubishi wa mirathi bado unaendelea vijijini.

Basi kabla ya kununua kibanja, ni lazima mke au mume wa muuzaji aridhie, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa pasipo ridhaa ya mwenzi; watoto wakubwa na nduguze waarifiwe; na majirani wa pande zote nne watembee mpaka pamoja na mnunuzi, wakiionesha mimea ya emiramura iliyopandwa na wazee, kwa maana mimea hiyo yaweza kung'olewa usiku na kupandwa mahali pengine, ila kumbukumbu za majirani wanne ni vigumu kuzihamisha. Kisha mkataba uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, na fedha ihesabiwe pale pale. Dalali aweza kusaidia kutafuta. Lakini neno lake si ushahidi.

Mijini, yaani Kayanga, Omurushaka, Rubwera na Nkwenda, nyenzo kuu ni afisa ardhi wa halmashauri, ambaye hutoa habari za viwanja vilivyopimwa, na Msajili wa Hati, ambaye kwake upekuzi huonesha kama kiwanja kina rehani au zuio. Mnunuzi ahesabu pia gharama zisizotangazwa na muuzaji: ushuru wa stempu, kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU. Kwa nyumba za kupangisha, barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene imeongeza wapangaji. Mjenzi naye asisahau tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, lililobomoa nyumba nyingi mkoani, nyingi zikiwa za matofali yaliyofungwa kwa udongo.

Mgogoro ukitokea, Baraza la Ardhi la Kijiji husuluhisha, na Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 halina tena uwezo wa kutoa hukumu, hupatanisha tu. Asiyeridhika huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu mtaji, SACCOS na mauzo ya kahawa vimejenga nyumba nyingi za Karagwe kuliko mikopo ya nyumba ya benki, na hatimiliki ya kimila, ijapokuwa sheria inaitambua, bado haipokelewi na kila benki kuwa dhamana. Kwa sababu hiyo, fedha ya kwanza ya mtu ni heri ikanunue kiwanja kimoja kilichopimwa Kayanga au Nkwenda, kuliko ekari kumi za rweya zisizo na muhtasari wa mkutano wa kijiji.