Waliowekwa Kuhudumu Mezani

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7

Katika makanisa yetu mengi shemasi hudhaniwa kuwa mtu wa kupitisha kikapu cha sadaka tu, au kasisi ambaye bado hajakamilika. Leo tutazame jinsi kazi yake ilivyoanza, kisha tuone ilivyofika hapa kwetu pwani.

Ilianza kwa manung'uniko. Kanisa la Yerusalemu liligawa chakula kila siku, lakini wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliwaita wanafunzi wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima.

Sikilizeni majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, na huyo Nikolao hakuzaliwa Myahudi. Yaelekea basi kwamba kanisa lilitia mwiko mikononi mwa watu wa upande ule ule uliosahauliwa. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Luka hawaiti watu hao mashemasi. Lakini neno analotumia kwa kuhudumu kwao latoka katika shina moja na jina la Kiyunani tunalolifasiri shemasi, au dikoni. Wala meza haikuwafunga vinywa. Stefano alimshuhudia Kristo hata kufa, na Filipo alihubiri Samaria, akambatiza yule Mkushi njiani.

Sasa tuje Mombasa, mwaka 1885. Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliwaweka wakfu mashemasi wawili Waafrika, William Jones na Ishmael Semler. Wote wawili walikuwa wameonja utumwa wangali watoto, wakakombolewa, wakalelewa na misheni kule Bara Hindi kabla ya kurudi Afrika.

Mwaka huo huo Jones alisafiri na Askofu kuelekea Uganda. Walipofika Kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias, Askofu alitangulia na wapagazi wachache, akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara. Mwezi wa Oktoba Askofu aliuawa Busoga. Habari zilipomfikia, Jones hakuwatupa watu wake. Aliwarudisha kwa miguu mpaka Rabai, wakafika Februari 1886.

Rabai nako kulikuwa na kazi. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia vituo vya misheni, na mabwana zao walidai warudishwe. Ilipofanyika hesabu mwaka 1888, walionekana watoro zaidi ya 1,400 katika vituo vya karibu na Mombasa. Mabwana walilipwa fidia, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Wengi wao walikuwa Rabai, na Jones aliishi kati yao akiwahudumia. Hakuhitaji kusimuliwa utumwa ni nini.

Ndugu msikilizaji, tazama kanisa lako. Ni nani wanaopitwa wakati wa kugawa? Labda ni mjane asiye na jamaa mjini, labda ni kiwete asiyeweza kupanda ngazi, labda ni wale wachache ambao lugha yao haisemwi katika ibada. Mara nyingi sisi huwatumia msaada, tukaona yatosha. Mitume walifanya zaidi ya hayo: walikubali watu wa upande ule wawekewe mikono na kukabidhiwa kazi yenyewe. Na Luka atuambia kwamba baada ya hapo neno la Mungu likaenea. Mkichagua mashemasi mwaka huu, anzeni kutafuta kati ya wale waliosahauliwa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuja kutumika wala si kutumikiwa, tufungue macho tuwaone wanaopitwa mezani pako, nasi tusione haya kuhudumiwa nao. Amina.