Shairi Lililovuliwa Maneno

Wacheki humwita Vodník. Jina limetokana na voda, yaani maji, na kazi yake ni ileile ya chunusi wa pwani yetu: kumvuta mtu chini asionekane tena. Ila huyu wa Ucheki ana mbwembwe zake. Huvaa koti la kijani ambalo pindo lake hudondosha maji hata akiwa nchi kavu, na roho za waliozama huzifunika kwenye vyungu vidogo huko chini topeni, kama mtu aliyeweka achari.

Mwaka 1853 Karel Jaromír Erben, mtunza nyaraka wa jiji la Praha aliyekuwa pia mkusanyaji wa nyimbo na ngano za vijijini, alichapisha Kytice, kitabu cha tenzi fupi za kutisha. Mmoja wa tenzi hizo unamhusu Vodník. Binti anakatazwa na mama yake kwenda ziwani kwa kuwa mama ameota ndoto mbaya. Hasikii, anakwenda kufua vitambaa. Kidaraja kinavunjika, naye anajikuta mke wa aliyekuwa akimngoja chini. Anamzalia mtoto. Anapoomba ruhusa ya kumwona mama, mume anakubali kwa masharti: asimkumbatie mtu yeyote, arudi kengele ya jioni ikilia, na mtoto abaki majini.

Jioni inafika, mama hamwachii. Vodník anakuja kubisha. Kwanza anadai chakula cha usiku, kisha anataka kitanda kitandikwe, mwisho anasema mtoto analia njaa. Mama anajibu kutoka ndani: basi mlete mtoto hapa. Dhoruba inavuma, kitu kinaanguka kizingitini. Wanapofungua mlango, kichwa kiko peke yake na kiwiliwili peke yake.

Zimwi linatisha, lakini mimi mwili hunisisimka zaidi kwa ajili ya yule mama. Kosa lake lote ni kumng'ang'ania mwanawe.

Mtunzi wa muziki Antonín Dvořák alikishika kisa hiki mwanzoni mwa 1896, akiwa na umri wa miaka 54. Mwaka uliotangulia alikuwa amerejea kutoka New York, alikokuwa mkuu wa chuo cha muziki tangu 1892, na alikotunga simfonia yake ya tisa, ile ya Dunia Mpya. Baada ya sifa za simfonia hiyo, mtu angetarajia simfonia ya kumi. Haikuja kamwe. Badala yake alirudi kwenye ngano za nyumbani na mwaka huohuo akatunga kazi nne za orkestra kutokana na tenzi za Erben: Vodník, Polednice, Zlatý kolovrat na Holoubek. Wala maji hayakuwa mageni kwake. Alizaliwa Nelahozeves, kijiji cha kando ya mto Vltava, baba yake akiwa mchinja nyama na mwenye nyumba ya wageni.

Namna alivyofanya kazi ndiyo itakayomvutia msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kwamba shairi lina mizani na kwamba huimbwa. Dvořák alichukua mistari ya Erben, akazitungia sauti silabi zake kana kwamba kuna mwimbaji, halafu akayaondoa maneno. Kilichobaki wakapewa wapiga ala. Kwa hiyo anayeujua utenzi ule kwa moyo anaweza kuusikia ukisemwa na filimbi na fidla, hali jirani yake anasikia muziki tu.

Vodník huchukua kama dakika 20. Filimbi ndizo zinazofungua, kwa noti moja inayodokolewa mara tatu, nyepesi kama mchezo wa mtoto. Ni Vodník mwenyewe, kaketi mtini kando ya ziwa akijishonea nguo kwa mbalamwezi. Pigo hilo la mara tatu halimwachi msikilizaji tena: linarudi likiwa na hasira, linarudi likiwa dhoruba, na kengele ya jioni ikishalia, linageuka kuwa hodi mlangoni. Mwisho wake hauna kishindo. Ala nzito za chini zinanung'unika, kisha maji yanatulia.

Juni 1896 kazi hii ilipigwa katika chuo cha muziki cha Praha, mbele ya hadhira ndogo, chini ya mkuu wa chuo Antonín Bennewitz. Onyesho la kwanza la hadhara, hata hivyo, lilifanyika London mwezi Novemba, Henry Wood akiongoza orkestra katika ukumbi wa Queen's Hall. Nadhani wengi ukumbini hawakuwa na silabi hata moja ya Kicheki vichwani mwao.

Huko Vienna, Eduard Hanslick, mhakiki aliyekuwa amemuunga mkono Dvořák kwa miaka, alihuzunika. Kwake muziki haukupaswa kuwa mtumwa wa hadithi, tena hadithi ya mtoto kukatwa kichwa, na akahofia kwamba njia hiyo ingemfikisha Dvořák kwa Richard Strauss, mtunzi wa muziki wa kusimulia hadithi. Mtunzi Leoš Janáček wa Brno aliona kinyume kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa akinakili katika noti namna watu wanavyopandisha na kushusha sauti wakizungumza, hivyo lafudhi ya Kicheki aliisikia mara moja ndani ya ala hizi. Aliziandikia sifa, na mwaka 1898 akaongoza onyesho la kwanza la Holoubek mjini Brno.

Dvořák hakuandika simfonia nyingine. Alihamia kwenye opera, na tarehe 31 Machi 1901 jukwaa la Taifa la Praha likafungua pazia la Rusalka, kisa cha binti wa majini aliyempenda mwana wa mfalme. Vodník yumo. Safari hii amepewa maneno, anayaimba kwa besi nzito, naye ndiye mzazi anayemwonya bintiye asiondoke nyumbani.